Blogu Inasomwa Lakini Hailipi: Namna ya Kutafuta Tatizo Lilipo

Wanablogu wanaoandika juu ya Tanga wana lalamiko linalofanana. Makala zinasomwa, watu wanazisambaza kwenye magrupu, mwandishi anasimamishwa Ngamiani na kupongezwa, lakini mwisho wa mwezi hakuna kitu. Ukimuuliza tatizo ni nini, atakwambia matangazo ya Google hayalipi. Hilo lina ukweli wake, nami nitalifikia, ila mara nyingi silo lililomkwamisha.

Pesa ya blogu ina safari yake. Msomaji afike kwenye ukurasa, tangazo limfikie msomaji, mwenye tangazo atoe hela, hela imfikie mwandishi. Safari ikikatika sehemu moja tu, kote kunaonekana kukavu, na mwandishi huanza kurekebisha pale anapopajua badala ya pale palipoharibika. Anabadilisha rangi na mpangilio wa blogu wiki nzima, kumbe barua yake ya Google imelala posta. Kwa hiyo usiguse kitu kwanza. Fungua Search Console, chombo cha Google cha takwimu za utafutaji, uone watu wanakujaje, fungua AdSense, mfumo wa Google wa kulipa wenye blogu kwa matangazo, usome kila ujumbe uliokaa juu ya ukurasa, kisha angalia taarifa za benki na za simu yako kwa miezi mitatu iliyopita. Ukishamaliza, tafuta dalili yako hapa chini.

Dalili: Jumatatu wasomaji wamefurika, Jumatano hakuna mtu

Sababu ya kwanza kuichunguza ni wanakotoka. Kama wote wanatoka WhatsApp na Facebook, basi makala zako zinaishi siku moja. Mechi ya Coastal Union pale Mkwakwani inasomwa usiku ule na asubuhi yake. Ziara ya kiongozi inasomwa mpaka adhuhuri. Baada ya hapo hakuna anayeitafuta tena. Kwenye Search Console angalia orodha ya maneno ambayo watu waliyaandika Google kabla ya kukufikia. Ukikuta karibu yote ni jina la blogu yako, maana yake Google haikuletei mgeni. Inakurudishia wale wale wanaokujua.

Dawa yake ni kuandika mambo ambayo mtu atayauliza mwakani pia. Chukua kisiwa cha Maziwe, kule mbele ya Ushongo. Maji yakijaa kisiwa kinafunikwa, kwa hiyo anayetaka kwenda lazima ajue saa ya kupwa siku hiyo, ajue bamvua inabadilisha nini, ajue boti inaondokea wapi na lini arudi. Makala inayojibu hayo kwa uhakika, yenye bei ya boti iliyoulizwa kwa nahodha mwenyewe, itasomwa miaka. Hali kadhalika makala ya kufika Mapango ya Amboni kwa daladala, ya msimu wa machungwa Muheza, ya namna ya kuvuka mto Pangani na gari. Hii ya mwisho uipitie upya kila hali ya kivuko na daraja inapobadilika, maana makala iliyopitwa na wakati inamwangusha msafiri barabarani.

Sababu nyingine ni uzito wa ukurasa. Picha iliyotoka moja kwa moja kwenye simu inaweza kuwa na MB 4. Makala yenye picha kumi za aina hiyo ni MB 40, na msomaji wako ana bando la siku. Hasubiri, anarudi alikotoka, na tangazo halijapata hata nafasi ya kufunguka. Punguza kila picha iwe na upana wa pikseli 1,200 hivi na uzito usiozidi KB 200 kabla ya kuipandisha. Google inapendekeza kitu kikubwa zaidi kwenye ukurasa kiwe kimeonekana ndani ya sekunde 2.5, pima yako kwenye PageSpeed Insights, ukichagua kipimo cha simu, siyo cha kompyuta.

Na kuna kosa dogo linalosahaulika. Kwenye Blogger ipo swichi ya kuruhusu injini za utafutaji zikuone. WordPress nayo ina kisanduku cha kuzizuia, ambacho watu hukitia alama wakati wa kujenga na wasirudi kukiondoa. Angalia hapo kabla ya kulaumu kitu kingine.

Dalili: umeomba AdSense, umekataliwa

Ujumbe unaowapata wengi unasema "Low value content", yaani maudhui hayana thamani ya kutosha. Watu wanausoma kama kwamba makala ni chache, wanakimbilia kuongeza thelathini nyingine za haraka, wanakataliwa tena. Idadi si shida. Shida kubwa ni kukopi na kupesti: habari ya gazeti iliyobandikwa neno kwa neno, tangazo la ajira lililochukuliwa kama lilivyo, mashairi ya watu, picha za watu. Kwa Google ukurasa huo upo tayari mahali pengine, na wewe hukuongeza kitu.

Futa hizo, hata kama ndizo zenye wasomaji wengi. Bakiza zile ulizoziandika mwenyewe, weka ukurasa unaoeleza wewe ni nani na unaandika nini, ukurasa wa sera ya faragha, na menyu ambayo kila kiungo chake kinafunguka. Kisha omba tena. Ukaguzi huchukua siku chache, na mara nyingine wiki mbili hadi nne.

Kama makala ni zako na bado unakataliwa, uliza mambo mawili. Una umri wa miaka 18? Chini ya hapo akaunti lazima iwe ya mzazi au mlezi. Na je, uliwahi kufungua AdSense nyingine kwa barua pepe tofauti, labda kwa ajili ya YouTube? Mtu mmoja anaruhusiwa akaunti moja. Funga ile ya zamani au itumie hiyo hiyo.

Dalili: umekubaliwa, ila matangazo hayatokei

Anza na faili la ads.txt. Ni orodha inayowaambia wanunuzi wa matangazo nani anaruhusiwa kuuza nafasi kwenye tovuti yako, na ilianza kutumika mwaka 2017 ili kuzuia watu kuuza nafasi za tovuti zisizo zao. Ndani yake kunatakiwa mstari kama huu, wenye namba yako ya pub, yaani utambulisho wako wa AdSense, badala ya hizo sifuri:

google.com, pub-0000000000000000, DIRECT, f08c47fec0942fa0

Kwenye Blogger unawasha ads.txt maalum ndani ya mipangilio, sehemu ya uchumaji wa mapato, halafu unabandika mstari huo. Koma moja ikikosekana, au namba moja ya pub ikikosewa, mstari haufanyi kazi. Nakili kutoka AdSense, usiuandike kwa mkono.

Kama faili liko sawa, angalia kama tovuti imeandikwa "Ready", yaani iko tayari, kwenye orodha ya tovuti zako ndani ya AdSense. Angalia pia kivinjari chako mwenyewe, kwani wengi wamesakinisha kizuia matangazo wakasahau, kisha wanasema matangazo hayapo ilhali wasomaji wanayaona. Jaribu kwa simu ya mtu mwingine. Na kama matangazo yalikuwepo yakatoweka baada ya miezi kadhaa, ruka moja kwa moja hadi sehemu ya mwisho, inayohusu barua ya posta.

Dalili: matangazo yapo, mapato ni senti

Hapa fanya hesabu bila kujionea huruma. AdSense hukuonyesha mapato kwa kila kurasa elfu moja zilizotazamwa. Tuseme yako ni dola 0.50, na kurasa zako zinatazamwa mara 6,000 kwa mwezi. Hiyo ni dola 3. Kiwango cha chini cha kulipwa ni dola 100. Kwa mwendo huo utasubiri karibu miaka mitatu kupata malipo ya kwanza.

Hakuna kilichoharibika. Bei ya tangazo inategemea msomaji yuko nchi gani, watangazaji wangapi wanamgombania, na makala inahusu nini. Msomaji aliyeko Makorora anayesoma matokeo ya ligi hana watangazaji wengi wanaomgombania. Msomaji aliyeko Ujerumani anayepanga safari ya Saadani na Pangani anao. Ndiyo maana blogu mbili zenye wasomaji sawa zinaweza kupata pesa tofauti kabisa.

Unaweza kusogeza kiwango kidogo: weka tangazo moja ndani ya makala baada ya aya ya pili au ya tatu badala ya kuyarundika chini kabisa, na punguza yale yanayoruka mbele ya maandishi, kwa kuwa yanamfukuza msomaji wa simu. Lakini usitumie mwaka mzima kusogeza matangazo. Kwa blogu ya mji wetu, yenye wasomaji elfu chache, AdSense ni nyongeza. Pesa yenyewe iko kwa mwenye gesti, mwenye boti na mwenye duka, na nimewawekea sehemu yao.

Dalili: akaunti imezuiwa ghafla

Mara nyingi ni mibofyo isiyo halali. Njia inayotumika sana hapa kwetu ni grupu la WhatsApp la wanablogu wanaobofyeana: leo tunabofya ya fulani, kesho yako. Nyingine ni ndugu na marafiki wanaodhani wanakusaidia. Kaka yako anafungua blogu kila asubuhi na kubofya kila tangazo kwa mapenzi tu. Google inaona simu zile zile, muda ule ule, mibofyo isiyo na msomaji anayetaka kununua, na inarudisha fedha kwa watangazaji.

Kama bado hujafungwa, toka kwenye grupu hilo leo. Waambie ndugu zako waziwazi wasibofye. Usibofye tangazo lako hata kuangalia linaelekea wapi. Kama umefungwa, ipo fomu ya rufaa. Eleza ukweli, taja tarehe uliyoona mibofyo inapanda, taja ulichofanya kuizuia. Rufaa za hasira hazisaidii. Na wale wanaouza "trafiki" ya bei rahisi, yaani wageni wa kununuliwa, mara nyingi wanauza mashine za kubofya. Usiwape hela yako.

Dalili: wenye biashara wanakusifia, hawalipi

Mwenye gesti kule Pangani amesoma makala yako akafurahi. Amekukaribisha, umekula samaki wa kupaka, umelala usiku mmoja bure, umeandika, umeweka picha na namba yake ya simu. Mwaka umepita. Wageni wanampigia. Wewe hujaona shilingi.

Sababu ya kwanza ni kwamba hukumtajia bei. Kwetu ni aibu kumtajia mtu mzima bei usoni, hasa kama anamfahamu baba yako au mnaswali msikiti mmoja. Lakini mtu huyo huyo analipa bango, analipa steshenari wamchapishie vipeperushi, analipa redio. Hana tatizo la kulipa. Hajaambiwa kwamba hiki nacho kinauzwa. Tengeneza karatasi moja ya bei, iwe kwenye simu kama picha: tangazo ndani ya makala kwa mwezi ni kiasi gani, makala ya kulipiwa ni kiasi gani, picha kumi za kutumia kwenye Instagram yake ni kiasi gani. Karatasi ikitaja bei, wewe huna haja ya kuitamka.

Sababu ya pili ni kumpa takwimu zisizomhusu. Ukimwambia una wasomaji elfu sita, anajiuliza wangapi watalala kwake. Basi hesabu kwa lugha yake. Chumba chake ni shilingi 40,000 kwa usiku. Tangazo likimletea wageni wawili kwa mwezi, kila mmoja akilala siku mbili, hiyo ni 160,000. Wewe unaomba 50,000. Hapo mnaelewana.

Sababu ya tatu, ambayo kwangu ndiyo kubwa kuliko zote, ni kukosa ushahidi. Mgeni akipiga simu, mwenye gesti hajui ametoka wapi. Usiache namba tupu kwenye makala. Weka kiungo cha WhatsApp chenye ujumbe ulioandikwa tayari: wa.me/ ikifuatwa na namba yake kuanzia 255 bila alama ya kujumlisha, kisha ?text= na maneno kama "Nimekuona kwenye blogu, naulizia chumba", nafasi kati ya maneno zikiandikwa %20. Msomaji akibofya, ujumbe huo unatokea tayari kwenye simu yake, naye anautuma tu. Kila ujumbe unaoingia na maneno hayo ni wako. Mwisho wa mwezi mwenye gesti anauhesabu mwenyewe kwenye simu yake, na hakuna wa kubishana naye.

Makala za zamani ulizoandika bure nazo zinaweza kufufuliwa kwa njia hiyo. Badilisha namba iwe kiungo, subiri mwezi, kisha tuma ujumbe kama huu:

"Shikamoo mama. Mimi ndiye mwandishi wa ile makala ya kwenda Maziwe kutokea Ushongo. Tangu mwezi uliopita namba yako imewekwa kwa namna ambayo mgeni akitoka kwangu, ujumbe wake unaanza na maneno 'Nimekuona kwenye blogu'. Naomba uangalie kwenye simu yako wamekuja wangapi. Kama wamekuja, napendekeza tuiweke rasmi kwa miezi mitatu, shilingi 50,000 kwa mwezi, malipo mwanzo wa mwezi kwa Lipa Namba, na risiti nakutumia. Miezi mitatu ikiisha bila faida tunaacha, hatudaiani."

Angalia kilichomo: muda una mwisho, malipo yanatangulia, na heshima haijavunjwa. Tangazo lisilo na tarehe ya mwisho ndilo linalokaa mwaka mzima bure.

Nawe uwe mkali kwa upande wako. Kilicholipiwa kiandikwe "Tangazo" juu kabisa, na kiungo chake kiwekewe alama ya rel="sponsored" ambayo Google inaitaka kwa viungo vya kulipiwa. Bei za vyumba ziandikwe kwa shilingi, kwa sababu kanuni za mwaka 2025 zinakataza kutangaza bei za bidhaa na huduma za ndani kwa fedha za kigeni. Na kama kitanda kina kunguni, rudisha hela, usiandike. Mtu aliyetoka Korogwe na watoto wake kwa kuamini maneno yako hastahili kufanyiwa hivyo, na hatakusoma tena.

Dalili: mteja mkubwa amekubali, kisha makaratasi yamekwama

Hoteli iliyosajiliwa kama kampuni, au shirika, haitoi hela kwa jina la utani la mtandaoni. Mhasibu wake anataka ankara, namba ya mlipakodi na jina linalolingana na akaunti ya benki. TIN hutolewa na TRA bila malipo. Jina la biashara linasajiliwa BRELA. Ukishakuwa navyo, usishangae malipo yakija pungufu: Sheria ya Fedha ya 2024 iliweka kodi ya zuio ya asilimia 5 kwa malipo ya watengeneza maudhui wa mtandaoni wakaazi. Mwombe mhasibu hati ya zuio uitunze, kwa kuwa kodi hiyo imeshalipwa kwa jina lako.

Upande wa TCRA, mamlaka inayosimamia mawasiliano, kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 ndizo zilizoleta leseni na ada kwa wanablogu, na mwaka ule blogu nyingi zilinyamaza. Hata jukwaa la mijadala la JamiiForums lilisimama kwa muda mwezi Juni. Kanuni ziliandikwa upya 2020 na kurekebishwa baada ya hapo. Mstari wa kuuangalia ni habari na matukio: anayechapisha habari yuko kwenye kundi tofauti na anayeandika mapishi au safari. Kabla ya kusaini mkataba, ulizia TCRA blogu yako inaangukia kundi gani na ada yake ya sasa. Maombi ya leseni yanapita kwenye mfumo wao wa Tanzanite.

Dalili: pesa inaonekana AdSense, benki haijafika

Mapato yakifika dola 10, Google hutuma barua ya karatasi yenye PIN, namba ya kuthibitisha anwani yako, kwa anwani uliyoiandika, na huchukua wiki mbili hadi nne, wakati mwingine zaidi. Hapo ndipo wengi wanapokwama, kwa sababu waliandika mtaa na namba ya nyumba. Barua kwetu zinakwenda kwenye sanduku. Andika S.L.P. iliyo hai, ya kwako, ya ofisi yako au ya ndugu ambaye kweli anafungua sanduku lake, pamoja na jina lako kamili, Tanga, Tanzania. Ukitumia sanduku la shule au la ofisi, kamwambie karani wa barua mapema kwamba inakuja barua ndogo kutoka nje, maana inafanana na kipeperushi na hutupwa. Isipofika baada ya wiki nne, omba nyingine. Miezi minne ikipita bila kuingiza PIN, matangazo yanasimamishwa. Hiyo ndiyo sababu ya yale yanayotoweka ghafla.

PIN ikishaingia na salio likazidi dola 100, hakikisha hadi tarehe 20 hakuna kizuizi chochote kilichobaki kwenye ukurasa wa malipo. Fedha hutumwa kati ya tarehe 21 na 26, kisha benki inahitaji siku zake. Jina kwenye AdSense lifanane na la benki herufi kwa herufi: Saidi na Said si kitu kimoja kwa mfumo wa benki. Namba ya SWIFT, inayotambulisha benki yako kimataifa, ichukue tawini, usiiokote mtandaoni.

Zikifika pungufu kwa dola kadhaa, mara nyingi zimekatwa na benki nyingine zilikopitia njiani. Omba tawi lako nakala ya taarifa ya SWIFT, inaonyesha nani amekata nini. Kama makato yanakula sehemu kubwa ya malipo madogo, ingia kwenye ratiba ya malipo ya AdSense upandishe kiwango, kwa mfano hadi dola 300, ili ada ikatwe mara moja badala ya mara tatu.